Mugo Hana Faili Mathari

Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, serikali ya kikoloni ilimtafuta daktari wa kuwaeleza wakubwa wake kwa nini Wakikuyu walikuwa wanapigana. Daktari huyo aliitwa J. C. Carothers. Alikuwa amekabidhiwa Hospitali ya Mathari mwaka 1938, ile ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, wala si Mathari ya Wakonsolata hapa Nyeri, na alipoipokea alikuwa bado hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mwenye afya zake na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Ripoti ya 1954, The Psychology of Mau Mau, ilikuwa kijitabu kisicho kinene. Ndani yake, mashamba yaliyonyang'anywa, kodi na kazi ya kulazimishwa vilipewa nafasi ndogo, na mahali pake pakakaa picha ya kabila lenye hofu na usiri, lililopoteza mila za wazee bila kuushika ustaarabu mpya. Tiba mojawapo aliyoiunga mkono ni kuwakusanya watu katika vijiji vinavyolindwa. Hakuwa wa kwanza kuitaja, kwani wanajeshi wa Uingereza walikuwa wameijaribu Malaya. Yeye aliivisha koti jeupe la udaktari. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Nyeri, Murang'a, Kiambu na Embu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji hivyo.

Kisa hiki kinawahusu moja kwa moja wanaosoma na kufundisha riwaya katika miji ya Mlima Kenya, kwa kuwa alichofanya Carothers kilikuwa, kwa namna yake, usomaji wa wahusika. Alikuwa na kundi la watu mbele yake, akatazama matendo yao, akayapa jina la kitabibu, na jina lilipopatikana akaacha kuuliza. Tabia hiyo imerejea madarasani kwa sura ya upole zaidi. Mwanafunzi anapoulizwa kuhusu mhusika wa riwaya ngumu, yule asiyeeleweka, anayejificha hata kwa msomaji, jibu la haraka siku hizi ni jina la ugonjwa: ana msongo wa baada ya kiwewe, ana sonona, alinyimwa upendo utotoni. Zamani jibu lilikuwa orodha ya sifa, yaani msaliti, mpweke, mwoga. Msamiati umebadilika na mwendo ni ule ule. Hoja yangu ni kwamba saikolojia ina haki kamili ya kuingia katika usomaji wa riwaya za usasa, lakini iingie kama njia ya kusoma, isiingie kama cheti cha daktari. Nafsi ya mhusika haina makao nje ya jinsi kitabu kilivyoundwa na historia iliyokizaa. Anayeitafuta kwingine atapata ugonjwa na kumpoteza mtu.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1967. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alikuwa mtu wa Limuru, lakini riwaya hii ni mali ya Mlima mzima, kwa maana kila kijiji kati ya Kiambu na Nanyuki kinajitambua ndani yake. Aliiandika akiwa mwanafunzi Leeds, baada ya kumsoma Joseph Conrad kwa makini Makerere, na wahakiki wameonyesha mara nyingi jinsi umbo lake linavyodaiwa na Under Western Eyes ya 1911, riwaya ya kijana anayemsaliti mwanamapinduzi aliyemkimbilia chumbani, kisha akaishi miongoni mwa watu wanaomdhania shujaa. Kwa Ngũgĩ kijana huyo ni Mugo wa kijiji cha Thabai. Kihika, mpiganaji wa msituni, anaingia kibandani kwake usiku akimwomba msaada. Mugo anamuuza kwa serikali, na Kihika ananyongwa. Baadaye Mugo anamkinga mwanamke anayechapwa handakini, anakamatwa, anapelekwa kizuizini, anakataa kusema neno, na anarudi kijijini akiwa na sifa ya jabali. Riwaya inaanza siku chache kabla ya Uhuru wa Desemba 12, 1963, kijiji kikimtaka awe mzungumzaji mkuu wa sherehe.

Tazama sasa Ngũgĩ anavyoigawa habari hiyo. Ukurasa wa kwanza unatukuta na Mugo amelala chali, akitazama tone la maji lililoning'inia kwenye paa, akiliogopa. Tunajua kwamba anaogopa. Hatujui anaogopa nini. Sababu inafichwa mpaka tumekwisha kuwasikiliza watu wengi wakimweleza Mugo wao, na kila mmoja anakosea. Wazee wanauona unyamavu wake kama hekima. Gikonyo, mwanakijiji mwenzake, anauona kama moyo safi unaoweza kupokea siri zake. Jenerali R., mpiganaji wa msituni, anamtaka apande jukwaani ili mwanamume mwingine, Karanja, aumbuliwe kwa usaliti. John Thompson, mtawala Mwingereza, amekuwa akipanga kuandika kitabu kiitwacho Prospero in Africa, na msomaji anayemjua Octave Mannoni, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1950 nadharia ya saikolojia ya ukoloni kutokana na Madagaska, hawezi kukosa kuona nani anakejeliwa. Kwa hiyo daktari wa kikoloni hayuko nje ya riwaya. Amewekwa ndani yake kama mhusika, akiwatazama wafungwa na asiwaone. Riwaya nzima ni mfululizo wa watu wanaosoma nafsi ya mtu mmoja vibaya, na msomaji anawekwa kwenye foleni hiyo hiyo. Mwanafunzi anayefunga kitabu na kuandika kwamba Mugo alikuwa na kiwewe anaingia kwenye foleni bila kujua.

Hapo ndipo mbinu zinazofundishwa kwa haraka, kama mbinu rejeshi na uzungumzi wa nafsi, zinapopata uzito. Mara nyingi huorodheshwa mwisho wa mwongozo, baada ya maudhui na wahusika, kana kwamba ni mapambo. Katika riwaya ya usasa, mbinu hizo ndizo mhusika mwenyewe. Kurudi nyuma kwa Mugo hakufuati kalenda, kunafuata hatia. Kumbukumbu ya shangazi yake Waitherero, mlevi aliyemlea kwa matusi na ambaye Mugo alitamani kumnyonga, inajitokeza mapema, nayo inamvuta msomaji kusema: hiki ndicho chanzo, utoto mbaya. Lakini riwaya inaendelea na kulifanya jibu hilo lisitoshe. Mugo anamchukia Kihika kwa sababu Kihika ana dada, ana mama, ana imani, na bado amekuja kuuvuruga utulivu mdogo ambao yatima ameujenga kwa jembe lake mwenyewe. Hesabu hiyo ya wivu, woga na haki iliyopotoka haipatikani katika jina lolote la ugonjwa. Inapatikana kwa kufuata sentensi zinavyokatika, zinavyojirudia na zinavyokwepa.

Chukua pia sauti anayoisikia Mugo shambani, ikimwita kama Musa alivyoitwa. Msomaji wa kitabibu atasema anasikia sauti zisizokuwepo, na ataandika jina refu la maradhi. Lakini Kihika ana Biblia yake, na ndani yake amepiga mistari chini ya habari za Musa na Farao, mistari ambayo Ngũgĩ ameiweka mwanzoni mwa sehemu za riwaya. Habari ya Kutoka ilikuwa lugha ya pamoja ya watu waliosoma shule za misheni, kisha wakaigeuza Biblia dhidi ya aliyeileta. Mugo anaisikia sauti ambayo kizazi chake chote kiliisikia. Msiba wake ni kwamba anaidhania imemjia yeye peke yake. Saikolojia inatusaidia kuona kiburi hicho cha mtu aliyedharauliwa. Historia inatusaidia kuona kiburi hicho kilikotolewa. Ukiondoa moja, nyingine inabaki kipofu.

Suala la kuungama ndilo linaloonyesha wazi zaidi hatari ya kuazima saikolojia bila kuipitisha mahali petu. Kuna imani, iliyotokana na Freud na kuenezwa na vipindi vya redio na semina za ushauri, kwamba kusema lililofichika moyoni huponya. Kwa imani hiyo, Mugo anapopanda jukwaani siku ya Uhuru na kukiri kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika, tunapaswa kumpongeza mgonjwa aliyepona. Lakini kati ya 1954 na 1960, kuungama katika eneo hili kulikuwa chombo cha dola. Wafungwa waligawanywa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kulingana na walivyokiri kiapo cha Mau Mau, na waliokataa walisukumwa kutoka kambi hadi kambi. Huko Hola, mnamo Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo kwa sababu ya kukataa kazi, na kambi ya Rira katika riwaya imebeba kivuli cha tukio hilo. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, aliandika shajara yake kizuizini kwa siri katika miaka hiyo. Ilipochapishwa kwa Gĩkũyũ mwaka 1983 ilipata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Mtu ambaye maneno yake ya wazi yanatakiwa na askari ana sababu ya kuyaficha maneno yake ya kweli. Usiri ambao Carothers aliuita tabia ya kabila ulikuwa, kwa watu wengi, akili timamu.

Riwaya inalijua hilo, ndiyo maana ina maungamo mawili makubwa na inayaweka yakabiliane. Gikonyo anakiri kiapo kizuizini ili arudi haraka kwa mkewe Mumbi, na tangu siku hiyo nyayo zake kwenye sakafu ya saruji zinamfuata masikioni. Anarudi nyumbani na kukuta Mumbi amezaa na Karanja. Ungamo lake lilimfungulia lango na halikumwondolea kitu. Mugo, aliyenyamaza kambini ambako kusema kungemwokoa, anasema pale ambapo kusema kutamwua. Hakuna aliyemlazimisha; kijiji kilikuwa tayari kumvika taji. Anayesoma maungamo haya mawili kwa kanuni moja ya tiba atayafanya yafanane, na kufanana huko ni uongo. Tofauti yake ni ya kimaadili na ya kisiasa kabla ya kuwa ya kitabibu: nani anaomba neno, kwa bei gani, na nani atalipa. Maswali hayo hayatoki katika kitabu cha saikolojia, ingawa saikolojia nzuri haiwezi kuyakwepa.

Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, anatupa kipimo kingine katika Carcase for Hounds ya 1974. Jenerali Haraka, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, anapigwa risasi na kukaa sehemu kubwa ya riwaya akiwa na jeraha linalooza, akiweweseka na kung'ang'ania kupata kichwa cha chifu mmoja huku vijana wake wakimalizika. Ni rahisi kusema Haraka ni mwendawazimu mwenye kiu ya damu, na hivyo ndivyo magazeti ya walowezi yalivyowaeleza wapiganaji. Lakini Mwangi anatuweka pangoni pamoja naye, kwenye mvua, njaa, homa na mbwa wanaonusa nyayo. Akili ya Haraka inachanganyikiwa, kweli, na kila hatua ya kuchanganyikiwa ina sababu inayoshikika kwa mkono. Ng'ambo ya pili, Kapteni Kingsley, anayemwinda, naye anaanza kutawaliwa na windo lake, na hakuna daktari aliyetumwa kuandika ripoti juu ya saikolojia ya maafisa wa Nanyuki. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria na kumshambulia Carothers kwa jina katika kitabu chake cha 1961, alitaka hasa jambo hilo: kwamba wazimu wa wakati wa vita usomwe pamoja na vita, na kwamba mtesaji naye alazwe kitandani achunguzwe.

Wala hili si lalamiko la Waafrika peke yao. Virginia Woolf, ambaye yeye na mumewe walianza kuchapisha maandishi ya Freud kwa Kiingereza katika miaka ya 1920, alilalamika mwaka 1920 kwamba waandishi waliomeza nadharia hizo walikuwa wanageuza watu kuwa kesi za hospitali na kuwapoteza. Miaka mitano baadaye, katika Mrs Dalloway, alimwumba Septimus, mwanajeshi aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amevurugika. Madaktari wawili wanamhudumia. Mmoja anamwambia hana lolote. Mwingine ana jina na dawa tayari kabla mazungumzo hayajafika mbali. Septimus anajirusha dirishani. Inaonekana basi kwamba riwaya ya usasa, tangu ilipozaliwa, ilijua saikolojia kwa undani na ikaiwekea mpaka. Msomaji anayeitumia saikolojia kufuta mpaka huo anaisoma riwaya kinyume cha ilivyojiandaa kusomwa.

Watakuwepo watakaosema kwamba mjadala wote huu ni wa kigeni: fasihi yetu ni ya jamii, na kumchimba mtu mmoja moyoni ni ubinafsi wa Ulaya. Pingamizi hili lina sifa ya kutukumbusha kijiji, lakini vitabu vyenyewe vinalikataa. Ngũgĩ, aliyekuwa na msimamo wa ujamaa usiofichika, ndiye aliyetuingiza kichwani mwa Mugo. Kwa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alikwisha kufanya hivyo nchini Tanzania katika Rosa Mistika ya 1971 na Kichwamaji ya 1974, ambamo Kazimoto anajiuliza maswali ya maana ya kuishi hadi anajiua. Mtu wa Ukerewe na mtu wa Limuru hawakuhitaji ruhusa ya Freud ili kugundua kwamba binadamu ana chumba cha ndani. Walichokataa ni kukiondoa chumba hicho kwenye nyumba.

Wengine, hasa waliosoma nadharia, watasema kinyume: mhusika ni maneno tu kwenye karatasi, hana utoto wala ung'amuzibwete, kwa hiyo saikolojia haina kazi. Wana haki nusu. Hatuwezi kumwuliza Mugo swali ambalo riwaya haikulijibu, na ni upuuzi kumtungia utoto asiopewa. Lakini maneno hayo yamepangwa ili yazae ndani yetu hofu, huruma na aibu, na mambo hayo ni ya nafsi. Anayekataa saikolojia kabisa hawezi kueleza kwa nini tone la maji linatutisha. Saikolojia inayofaa basi ni ile inayouliza maswali mawili pamoja: mpangilio huu wa maneno unamfanya mhusika awe nani, na unamfanya msomaji awe nani?

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwa walimu na washauri. Wanasema vijana wetu wanaumia. Jopokazi la serikali lililochunguza afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali hiyo itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ikiwa kumwita Mugo mwenye kiwewe kutamfanya kijana wa Othaya au Kerugoya aongee juu ya babu yake aliyerudi kizuizini akiwa kimya, au juu ya moyo wake mwenyewe, kuna ubaya gani? Hakuna ubaya katika mazungumzo hayo, na ningependa yaongezeke. Familia nyingi za eneo hili zilirithi unyamavu wa miaka ya 1950 pande zote mbili, za waliokula kiapo na za mahomugadi waliokuwa upande wa serikali, na riwaya ni mahali salama pa kuanza kuuvunja. Lakini ndiyo sababu jina lisitangulie. Kijana anayefundishwa kwamba ukimya wa babu ni dalili atamwonea babu huruma na asimwulize kitu. Kijana anayefundishwa kusoma Mugo vizuri atauliza: aliombwa kusema nini, na nani, na ilimgharimu nini kunyamaza? Maswali hayo yana heshima zaidi, na mara nyingi ndiyo yanayofungua mdomo. Kisha kuna haki ya Kihika. Mugo akiwa mgonjwa tu, hana hatia. Na asipokuwa na hatia, tendo kubwa kuliko yote maishani mwake, la kusimama mbele ya watu na kusema ni mimi, linageuka kuwa dalili nyingine kwenye faili.

Mtihani wa KCSE, mtu atasema, hauna nafasi ya haya. Mwanafunzi anatakiwa kutaja sifa na kuzithibitisha. Kuzithibitisha ndilo neno linalotuokoa. Mwalimu anaweza kukubali neno msaliti, au hata neno kiwewe, kwa sharti kwamba mwanafunzi aonyeshe ni wapi riwaya inalipa neno hilo nguvu na ni wapi inalipinga. Vyuo vinavyowaandaa walimu hapa kwetu, Kagumo pale Nyeri na Chuo Kikuu cha Karatina pale Mathira, vina kila sababu ya kuifundisha ripoti ya Carothers sambamba na A Grain of Wheat na shajara ya Gakaara, ili mwalimu ajue kabla hajaingia darasani kwamba katika nchi hii kumpa mtu jina la ugonjwa kumewahi kutumika kumnyima sababu zake. Akishajua hilo, atatumia saikolojia kwa mkono mwepesi na jicho kali.

Carothers alikuwa na maelfu ya watu wa kuwasikiliza akaandika kijitabu ambacho leo kinasomwa kama ushahidi dhidi ya mwandishi wake. Ngũgĩ alikuwa na mtu mmoja wa kubuni, akatuachia nafsi ambayo miaka karibu 60 ya uhakiki haijaimaliza. Mwalimu wa fasihi, muhula huu, kabla hujamwuliza mwanafunzi Mugo ana tatizo gani, mwulize kwanza ni nani katika riwaya hii anayemwelewa Mugo vibaya, na kwa nini. Kisha mwulize kama yeye mwenyewe hayumo.